Kurudisha toleo la zamani la dataseti kwenye meinifremu kabla bakapu ya usiku haijalisukuma nje

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Morogoro, ninaandika programu katika kampuni ya bima hapa Columbus, Ohio, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu za IBM. Jumanne saa tisa alasiri nilihariri dataseti (ndivyo meinifremu inavyoliita faili) ya viwango vya malipo. Nilitumia CHANGE ALL, amri ya kubadilisha kila palipo na maandishi fulani, bila kuweka mipaka ya safu, nikahifadhi nikaondoka. Wenzangu waliendelea kuongeza mistari yao Jumatano na Alhamisi. Leo Ijumaa ndipo kosa limeonekana. Nilipiga HRECOVER, amri ya kurudisha bakapu, na REPLACE ili iandike juu ya iliyopo, ikaja nakala ya usiku wa kuamkia leo, yenye makosa yale yale. Nikajaribu GENERATION(-1) kama tunavyozoea kwenye GDG (kundi la dataseti zinazofuatana kwa vizazi), ikakataliwa. HLIST, amri ya kuorodhesha bakapu, inaonyesha matoleo manne. La zamani kabisa ni la Jumanne, na jina lake lina T185201, yaani saa 18:52, baada ya kosa langu. Je, nimechelewa? Mwenzangu ananiambia nipige HBACKDS, amri ya kuchukua bakapu papo hapo, kwanza, nijilinde kabla ya kugusa kitu kingine. Jina la dataseti nimelibadilisha, tuliite BIMA.VIWANGO.MWEZI."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mstari wa pili: usipige HBACKDS. Mwambie mwenzako nimeshukuru kwa moyo wake mzuri, lakini ushauri huo ndio utakaokumaliza. Nitaeleza sababu chini.

Na hukuchelewa. Toleo unalolitaka lipo, ni hilo hilo la Jumanne ulilolikatia tamaa. Umesoma jina lake kinyumenyume. DFSMShsm, programu inayosimamia bakapu (tuiite hsm), inapochukua bakapu huipa nakala jina lake yenyewe: kiambishi kilichochaguliwa na kituo chenu, neno BACK, kisha sehemu inayoanza na T, kisha sehemu mbili za mwanzo za jina la dataseti yako, na mwishoni herufi yenye tarakimu ya mwaka na namba ya siku katika mwaka. Ile sehemu ya T inaandika sekunde kwanza, halafu dakika, halafu saa. Kwa hiyo T185201 inasomeka sekunde ya 18, dakika ya 52, saa 01. Kwa saa zetu ni saa nane kasoro dakika nane usiku, wakati mwenyewe umelala. Nakala ilichukuliwa zaidi ya saa kumi na tatu kabla hujagusa kitu. Ni ya Jumanne kwa kalenda tu, kwa sababu bakapu ya usiku wa Jumatatu ilianza baada ya saa sita na tarehe ikawa imegeuka.

Mtego huu nimeona watu wazima wakiuingia. Anayetafuta "nakala ya Jumatatu" anaikuta ya Jumanne, anadhani ya Jumatatu haikuchukuliwa. Ndiyo maana mimi jina silisomi kabisa kutafuta saa. Piga

HLIST DSNAME('BIMA.VIWANGO.MWEZI') BCDS TERMINAL

kisha tazama safu za tarehe na saa za bakapu. Hapo saa imeandikwa kwa mpangilio wa kawaida. Kama skrini inakukatia mistari, toa TERMINAL na upeleke matokeo kwenye dataseti kwa ODS, uyasome yote kwa upana wake. BCDS ndiyo daftari ambamo hsm inaandika kila bakapu iliyonayo: ya dataseti gani, ilichukuliwa lini, imelala kwenye tepu au diski gani. Kitu kisichoandikwa humo, kwa hsm hakipo.

Sasa namba. Katika orodha hiyo kila nakala ina namba mbili, ya kizazi na ya toleo, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua mfano wa watoto wa nyumba moja. GENERATION inahesabu kuanzia kitinda mimba: aliyezaliwa mwisho ni 0, anayemtangulia ni 1, anayemtangulia huyo ni 2. VERSION inahesabu kwa kufuata kuzaliwa: wa kwanza kupewa namba alikuwa 1, anayefuata 2, na namba ya mtu haibadiliki hata wadogo zake wakiongezeka. Usiku mmoja ukipita na bakapu mpya ikachukuliwa, namba zote za GENERATION zinasogea. Aliyekuwa 0 anakuwa 1. Namba za VERSION zinabaki palepale.

Kwa orodha uliyonitumia, nakala ya Ijumaa alfajiri ni kizazi 0, toleo 41. Ya Alhamisi ni kizazi 1, toleo 40. Ya Jumatano ni kizazi 2, toleo 39. Ya Jumanne, hiyo yenye T185201, ni kizazi 3, toleo 38. Ulipopiga HRECOVER bila kutaja chochote ulipewa kizazi 0, yaani nakala iliyochukuliwa siku mbili na ushei baada ya kosa. Haikukudanganya, ilikupa kitinda mimba kwa sababu hukumtaja mwingine.

Na ile GENERATION(-1) ilikataliwa kwa sababu umechanganya hesabu za nyumba mbili. Kwenye GDG, (0) ni kizazi cha sasa, (-1) ni cha nyuma yake, na (+1) ni kile kinachoundwa. Kwenye HRECOVER hakuna kujumlisha wala kutoa: unarudi nyuma kwa namba chanya. Waliotunga vitu hivi viwili ni kampuni moja, na sijawahi kuelewa kwa nini hawakukubaliana alama. Lakini ndivyo ilivyo, na sisi tumezeeka nayo.

Mimi ningetumia VERSION. Ukiandika GENERATION(3) kwenye barua pepe leo, msimamizi wa hifadhi akaisoma kesho asubuhi, GENERATION(3) itakuwa ni nakala nyingine. VERSION(38) ni ile ile leo na wiki ijayo, ilimradi bado ipo. Kuna njia ya tatu, DATE, inayoandikwa kwa mwaka, mwezi na siku, mfano DATE(2025/03/11), na hsm inachukua nakala ya mwisho iliyofanywa siku hiyo au kabla yake. Ni nzuri unapojua siku ya msiba lakini hujaona orodha. Kwako wewe ni hatari kidogo, kwa sababu ungeandika tarehe ya Jumatatu, ingekupita hiyo nakala ya Jumanne alfajiri na kutafuta ya zamani zaidi, ambayo huna.

Huna, kwa sababu una nne tu. Hapo turudi kwa mwenzako.

Dataseti yenu iko chini ya SMS, mfumo unaosimamia hifadhi kwa kanuni zilizowekwa, na menejimenti klasi yake ina mistari michache inayoamua maisha ya bakapu: matoleo mangapi yawekwe wakati dataseti bado ipo, mangapi yawekwe ikishafutwa, na siku ngapi kila aina ihifadhiwe. Kwa unavyoeleza, kikomo chenu ni matoleo manne. Nakala ya tano inapozaliwa, ya zamani kuliko zote inatolewa kwenye daftari. Mara moja. Hakuna swali linaloulizwa, hakuna pipa la taka la kwenda kupekua.

Sasa tazama hali yako: matoleo ni manne, kikomo ni nne, na toleo pekee zima ni la mwisho kabisa kwenye foleni. HBACKDS ya "kujilinda" ingechukua nakala ya dataseti iliyoharibika, ikaipa namba 42, na kulisukuma toleo 38 nje. Ungebaki na nakala nne, zote mbovu, zimepangwa vizuri kwa tarehe.

Bakapu ya usiku wa leo itafanya hivyo hivyo bila kuombwa na mtu. Bakapu ya kila siku haichukui kila kitu. Inatazama alama ya mabadiliko iliyo kwenye maelezo ya dataseti kule kwenye diski, alama inayowashwa pale dataseti inapofunguliwa kwa kuandikwa. Kama leo kuna yeyote aliyeihifadhi kwenye ISPF, zile skrini zenu za kuhariri, hata kwa kuongeza nukta moja, alama imewaka. Kwa hiyo saa yako ya mwisho si wikendi. Ni usiku huu, pale mashine yenu inapoanza bakapu zake, ambayo kwa kumbukumbu ya nakala zako ni kati ya saa saba na saa nane usiku.

Nilijifunza hili kwa gharama. Miaka mingi nyuma nilikuwa katika benki moja ya Ghuba, sitaitaja, kikomo kilikuwa matoleo mawili. Mhasibu alikuja na faili la salio lililoandikwa juu ya jingine. Mimi, kijana mwenye bidii, nikapiga HBACKDS kwanza "ili tuwe na pa kurudi", ndipo nikafungua HLIST. Ile niliyoitaka ilikuwa imetoka dakika mbili zilizopita, na aliyeitoa ni mimi. Kinachouma zaidi ni kwamba data yenyewe ilikuwa bado imelala kwenye tepu. Hsm haiendi kufuta tepu kila nakala inapokwisha muda, inasubiri siku ya RECYCLE ikusanye yaliyo hai na kuachia tepu. Lakini jina lilikuwa limeondolewa daftarini, na bila jina hakuna amri ya kawaida inayokufikisha. Tuliokolewa na dampu, yaani nakala, ya diski nzima ya mwisho wa wiki, na siku mbili za kazi zikaandikwa upya kwa mkono na wahasibu ambao hawakunisalimia mwezi mzima.

Kwa hiyo fanya hivi sasa hivi, kabla ya chai:

HRECOVER 'BIMA.VIWANGO.MWEZI' VERSION(38) NEWNAME('MIMI.OKOA.V38') WAIT

Mahali pa MIMI weka kitambulisho chako cha TSO, hapo unapopigia amri. Alama za nukuu usizisahau. Bila hizo TSO itabandika kitambulisho chako mbele ya jina na utaambiwa hakuna bakapu ya dataseti hiyo, nawe utapata mshtuko wa bure. Angalia pia kwamba sikuweka REPLACE. Kwa NEWNAME nakala ya zamani inafunguliwa kando, kwa jina lake, na ile ya sasa haiguswi. Jina jipya ni dataseti mpya yenye historia yake ya bakapu, kwa hiyo hata usiku ukilisukuma toleo 38 nje, wewe unalo mkononi.

WAIT nimeiweka kwa sababu bila hiyo amri inapokelewa tu na kuwekwa kwenye foleni. Utaona ARC1007I ikikupa namba ya ombi, na wageni wengi huisoma kama "tayari". Hiyo ni risiti ya kupokelewa. Ukiona ARC1000I ndipo kazi imekwisha. Ukiona ARC1001I imeshindikana, na namba za RC na REAS zilizo mbele yake ndizo za kumpelekea msimamizi wa hifadhi. Kama nakala iko kwenye tepu inaweza kuchukua dakika kadhaa, zaidi kama tepu inatumiwa na kazi nyingine. Usipige amri mara ya pili kwa kukosa subira. HQUERY itakuonyesha kama ombi lako bado liko kwenye foleni, na HCANCEL italiondoa ukiwa umekosea.

Ukikataliwa na RACF, mlinzi wa haki za kufikia data, usihangaike kutafuta mlango wa nyuma. Mpigie msimamizi wa hifadhi simu. Simu, maana barua pepe ya Ijumaa mchana husomwa Jumatatu, nawe una hadi usiku. Mwambie jina la dataseti, VERSION 38, na kwamba kikomo ni nne na bakapu ya leo itaitoa. Akisikia sentensi hiyo ya mwisho atainuka kwenye kiti.

Baada ya hapo fanya vivyo hivyo kwa VERSION(39), ukiipa jina la MIMI.OKOA.V39. Utauliza ya nini, nayo ni mbovu. Hii ndiyo sehemu ambayo maelezo ya amri hayakufundishi.

Bakapu haijui kosa lako. Inajua dataseti nzima jinsi ilivyokuwa saa fulani. Ukichukua toleo 38 na kuliweka juu ya dataseti ya sasa kwa REPLACE, umeondoa kosa lako, na umeondoa pia kila mstari ambao wenzako waliongeza Jumanne jioni, Jumatano na Alhamisi. Watu wengi huishia hapo, wakaandika "imerekebishwa", na wiki inayofuata wanaanza kupokea malalamiko mapya ya viwango vilivyopotea. Unalotaka ni kulitoa kosa lako na kuyaacha yao.

Huwezi kulitoa kwa kugeuza amri yako. Tuseme ulitaka kubadilisha 0150 iwe 0175 kwenye safu ya kiwango. Bila mipaka ya safu, kila 0150 kwenye mstari imebadilika, hata iliyokuwa katikati ya namba ya sera. Sasa ukirudisha 0175 kuwa 0150, utazibadilisha pia zile 0175 ambazo tangu mwanzo zilikuwa 0175 halali. Zimechanganyika kama mchele wa Mbeya na wa Kyela kwenye gunia moja. Anayejua ipi ilikuwa ipi ni toleo 38 peke yake.

Basi nenda ISPF, chaguo 3.13, uilinganishe V38 na V39 kwa SuperC. Tofauti zitakazotoka ni kila kilichobadilika Jumanne: mabadiliko yako na ya wengine siku hiyo. Kosa lako utalitambua kwa sura, 0150 zikigeuka 0175 mahali pasipotakiwa. Yaliyobaki ni ya wenzako. Kisha linganisha V39 na dataseti ya sasa, ambayo kwa sababu ya HRECOVER yako ya asubuhi ni sawa na toleo 41. Hapo utaona yaliyoongezwa Jumatano na Alhamisi. Una ramani mbili: moja ya uharibifu, nyingine ya kazi halali. Tengeneza dataseti mpya, tuiite MIMI.OKOA.SAFI, anza na V38, weka mabadiliko sahihi ya Jumanne likiwemo lile ulilokusudia tangu mwanzo, halafu ya siku mbili zilizofuata. Mpe mwenzako mmoja aipitie kwa macho mapya kabla haijaenda popote.

Kuna kitu ulichokipoteza asubuhi ambacho sitakuficha. Ulipopiga HRECOVER na REPLACE, dataseti kama ilivyokuwa dakika hiyo ilifutwa ikawekwa nakala ya alfajiri. Hsm haichukui bakapu ya unachokifuta kwa REPLACE. Aliyeingiza mstari leo kati ya alfajiri na saa uliyopiga amri hiyo, mstari wake haupo mahali popote. Pita mezani mwao uwaulize. Ni aibu ya dakika tano.

Kurudisha, usitumie HRECOVER tena. Nakili yaliyomo ya OKOA.SAFI ndani ya BIMA.VIWANGO.MWEZI kwa programu ya kunakili, IEBGENER, na dataseti ya kupokea uiweke DISP=OLD ili mtu yeyote aliye ndani atoke kwanza. Jina, haki na menejimenti klasi vinabaki kama vilivyokuwa. Ukishahakikisha iko sawa, sasa HBACKDS ni rafiki yako, ipige. Dataseti za OKOA ziache angalau hadi mwezi ufungwe. Zikikaa bila kuguswa hsm inaweza kuzihamishia hifadhi ya chini. Hilo lisikutishe, ukizifungua zinarudi zenyewe.

Kitu kimoja usifanye katikati ya haya yote: usifute BIMA.VIWANGO.MWEZI ukidhani utaiunda upya safi. Dataseti ikishafutwa, kikomo kinachotawala bakapu zake ni kile cha dataseti iliyofutwa, ambacho vituo vingi hukiweka 1. EXPIREBV, amri ya kuondoa bakapu zilizopitwa na muda au kikomo, ikipigwa, na kwingi imepangwa kwenye ratiba, zinabaki nakala chache kuliko ulizoacha.

Kwa kuwa umetaja GDG, niseme neno, maana nadhani dataseti yako ingefaa kuwa huko. Jina lake linasema mwezi. Kama viwango vinaandikwa upya kila mwezi, GDG ingekupa G0001V00, G0002V00 na kuendelea, kila mwezi dataseti yake, na kurudi mwezi uliopita kungekuwa ni kuandika (-1) kwenye JCL, maagizo ya kazi za bechi, bila kumwomba hsm chochote. Kikomo cha GDG ya kawaida ni vizazi 255. Tangu z/OS 2.2 kuna aina iliyopanuliwa inayofika 999. Lakini usichanganye: kila kizazi cha GDG ni dataseti kamili yenye bakapu zake. Kizazi G0038V00 kinaweza kuwa na matoleo manne ya bakapu, na G0037V00 manne mengine. Kwa hiyo swali la "kizazi gani" linakuwa maswali mawili, kizazi kipi cha GDG, halafu toleo lipi la bakapu yake, nalo la pili unalijibu kwa HRECOVER ukitaja jina kamili la G na V. Kwa kosa kama lako, la kuhariri katikati ya mwezi, GDG peke yake isingekuokoa. Ungekuwa umeharibu kizazi cha (0), na (-1) ni mwezi uliopita mzima.

Wanaosoma hapa wenye maktaba, yaani PDS, dataseti moja yenye mafaili madogo (memba) ndani yake, wajue kwamba hsm inarudisha maktaba nzima, haitoi memba mmoja. Irudishe kwa NEWNAME, kisha nakili memba unayemtaka kwa 3.3 au IEBCOPY. Wenye PDSE, maktaba ya aina mpya, ya toleo la 2 iliyoundwa kwa MAXGENS wana bahati zaidi, maana vizazi vya memba vinakaa ndani ya maktaba yenyewe. Wenye VSAM, aina nyingine ya dataseti, wataje jina la klasta, siyo la sehemu yake ya data.

Na kama HLIST haionyeshi nakala uliyohitaji? Uliza kuhusu dampu za diski nzima. Vituo vingi huzichukua kwa wiki, na msimamizi anaweza kutoa dataseti moja kutoka humo kwa FROMDUMP. Itakuwa ya zamani zaidi, lakini kwa toleo lililotoka daftarini ndiyo njia iliyobaki.

Jumatatu, akili ikitulia, muulize msimamizi kwa nini dataseti inayohaririwa kwa mkono kila siku ina matoleo manne tu. Manne maana yake ni siku nne za kugundua kosa, na Jumamosi na Jumapili zinaweza kula mbili kati ya hizo kama kuna kazi za wikendi zinazoiandika. Hsm inaweza kuweka matoleo 29, na hadi 100 pale rekodi za BCDS zimeruhusiwa kuwa kubwa. Simwambii aweke 100. Tepu si za bure. Kumi zingekupa wiki moja na nusu. Kwa mabadiliko makubwa, piga HBACKDS yenye RETAINDAYS kabla hujaanza kuhariri, mfano RETAINDAYS(60), kama klasi yenu inawaruhusu watumiaji kuchukua bakapu wenyewe. Nakala ya namna hiyo ikizidi kikomo haifutwi. Inawekwa kando mpaka siku zake zitimie. Hapo ndipo ile HBACKDS ya mwenzako ina nafasi yake: kabla ya kosa.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Dataseti hii si picha ukutani. Kuanzia Jumanne saa 15:00 kuna kazi za bechi zilizoisoma, na kama ni viwango vya malipo, kuna bili au barua zilizokwishatoka na namba zisizo sahihi. Kurudisha toleo 38 hakugusi hizo. Mwambie mkuu wako leo, kabla hajaambiwa na mteja, kisha waombe watu wa mifumo wakutolee rekodi za SMF, kumbukumbu ambazo mashine inajiandikia, aina ya 14, zinazoandikwa kila dataseti inapofungwa baada ya kusomwa, kwa jina hilo, kuanzia Jumanne 15:00 mpaka dakika utakayomaliza kunakili OKOA.SAFI. Utapata orodha ya kila kazi iliyosoma viwango vibovu, na hiyo ndiyo wenzako wa malipo watakayoihitaji Jumatatu asubuhi.